Dola za Kichwa Kidogo

Breki, dereva wa lori, alivunjika mguu upande wa pili wa mpaka, tena kwa namna isiyompa mtu heshima. Hakupata ajali. Lori lilikuwa limesimama, injini imezimwa, breki ya mkono imevutwa, naye akawa anashuka kutoka kwenye kiti cha dereva huku anaongea na simu, akakanyaga hewa. Zaidi ya miaka ishirini barabarani, milima na makorongo yote, halafu mtu anaangushwa na ngazi ya lori lake mwenyewe.

Muuguzi aliyepiga simu nyumbani alisema mgonjwa anatakiwa kuwekewa vyuma mguuni, na hospitali yao haimpeleki mtu chumba cha upasuaji mpaka ndugu wa karibu atie sahihi. Mgonjwa amesema aje mke wake.

"Mke yupi?" aliuliza Bi Mkubwa, maana yeye ndiye aliyepokea.

Muuguzi alisikika akipekua karatasi. "Mama, kwenye fomu kuna nafasi moja tu."

Kwa hiyo wakaenda wote wawili. Si kwamba walipendana. Bi Mkubwa, ambaye alikuwa fundi wa kushona sare za shule, hakutaka mwenzake amtangulie kwenye kitanda cha mume. Bi Mdogo, ambaye alikuwa na saluni, hakutaka kuja kusemwa baadaye kwamba mume alipokuwa anaumwa yeye alikuwa anasuka watu. Walikuwa wake wenza kwa miaka tisa, kila mmoja na nyumba yake na mtaa wake, na maneno yote waliyoambiana katika miaka hiyo yangeenea kwenye meseji moja na nafasi ingebaki. Kwenye misiba walipeana mkono kwa ncha za vidole. Ndani ya basi walikaa pande mbili za njia, kila mmoja akatazama dirisha lake mpaka shingo zikauma.

Bi Mdogo alikuwa amepakata jaketi la ngozi la Breki. Mgonjwa alikuwa ameliagiza mwenyewe kwa simu, akisema wodini kuna baridi. Ukweli ni kwamba Breki hakuwahi kwenda mahali popote bila jaketi lile, mpaka safari hii alipolisahau nyumbani kwa Bi Mdogo. Alilivaa juani, alilivaa harusini, na Bi Mkubwa aliamini kwamba akiambiwa achague kati ya jaketi na wake zake, angeomba kwanza aambiwe ni mke yupi.

Walipokaribia mpaka, kondakta alipita katikati ya viti akitangaza. "Wenye kuhitaji viza mlipe dirishani. Dola hamsini kila mtu. Mjini ni hapo hapo ng'ambo, wanaoishia hospitali watembee tu kwa miguu."

Bi Mkubwa hakushtuka. Kama kulikuwa na kitu ambacho hakikumpa wasiwasi katika safari ile, ni dola. Kila akirudi safarini, Breki alimpa pesa ya chakula kwa fedha ya kawaida, lakini ile ya ziada, ile ambayo mume humpa mke ili ajue anathaminiwa, aliileta kwa dola. "Hela yetu inayeyuka kama barafu," alikuwa akimwambia. "Dola ni dhahabu. Weka, usiguse." Naye akaweka, asiguse. Alizitia kwenye kopo la maziwa ya unga, juu yake vipande vya kitambaa, na kopo akalificha nyuma ya cherehani. Mota ya cherehani ilipoungua, alikwenda kukopa kwa jirani mwenye mdomo mrefu, akasimangwa mwaka mzima, lakini kopo hakulifungua. Asubuhi ya safari ndipo alipolifungua kwa mara ya kwanza, akachukua fungu zima, akalitia kifuani.

Ofisi ya uhamiaji ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha matatu, na lililofunguliwa lilikuwa moja. Feni iligeuza kichwa huku na huku kama inayotafuta mtu, lakini upepo haikutoa. Kwenye kioo cha dirisha kulikuwa na tangazo lililobandikwa kwa plasta: dola hamsini, au euro kiasi fulani kilichofutwa na kuandikwa upya kwa kalamu mara tatu, au pauni. Chini yake, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: FEDHA YA HAPA HATUPOKEI.

Mzee mmoja kwenye foleni alikuwa amelisoma tangazo hilo kwa sauti. "Yaani serikali yao yenyewe haiitaki hela yao," alisema. "Sasa mimi niitakie nini?" Kila mtu alikuwa anahesabu za kwake.

Zamu ya Bi Mkubwa ilipofika, aliingiza mkono kifuani hadharani, bila kumwomba mtu ageuke, akatoa noti ya hamsini na kuipitisha chini ya kioo. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso. Aliipokea ile noti kwa vidole viwili. Ilikuwa na joto bado. Akaishusha miwani, akaitazama, akairudisha.

"Mama, hii ina kichwa kidogo."

"Kichwa kidogo cha nani?"

"Cha huyu mzee kwenye picha. Za sasa zina kichwa kikubwa. Hizi ni za zamani, hatupokei."

Bi Mkubwa alimtazama yule mzee wa kwenye noti, kisha akamtazama afisa. "Huyu yuko hai?"

"Alikufa siku nyingi."

"Sasa mtu ameshakufa, ukubwa wa kichwa chake unakuhusu nini wewe?"

Foleni ilicheka. Hata afisa alikuna pua ili asionekane anacheka. Alimwambia atoe nyingine. Bi Mkubwa akatoa nyingine, na nyingine, mwishowe akaweka fungu lote, na afisa akalipitia moja moja kama mtu anayechambua mchele. Zote zilikuwa na kichwa kidogo. Kulikuwa na moja iliyochanika na kuungwa kwa karatasi ya gundi, na nyingine iliyoandikwa kwa wino wa bluu namba ya simu ya mtu asiyejulikana. Akazipanga vizuri, kwa adabu, akazirudisha zote.

"Pole, mama. Hizi huko mbele hata benki hawazitaki. Nani alikupa?"

Bi Mkubwa alikusanya fungu lake. Alisogea pembeni.

Bi Mdogo alikuwa nyuma yake tu. Yeye alibeba mfuko wa nailoni uliofungwa fundo mara mbili, na alipouweka kwenye ubao wa dirisha ulilia kama minyororo. Ndani kulikuwa na sarafu za euro, za chuma, nyingi za kutosha kumjeruhi mtu. Hizo nazo Breki alimletea, safari baada ya safari, akimwambia kwamba chuma hakichakai, hakiliwi na panya, na watu wa Ulaya wenyewe wananunulia nyumba.

Afisa aliutazama mfuko, akapandisha miwani tena kwenye paji la uso. "Dada, noti tu. Vyuma hatupokei. Hakuna anayepokea. Ukitaka kuvitumia inabidi uvipeleke kwao mwenyewe."

"Na kwenda huko viza bei gani?" aliuliza Bi Mdogo.

"Huko hata usiulize."

Basi Bi Mdogo akafungua pochi, akatoa noti moja ya hamsini iliyonyooka kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Bibi harusi mmoja aliyekuja likizo alimlipa kwa kusukwa tangu alfajiri mpaka mchana. Afisa aliinyanyua kwenye mwanga, akaikwangua kwa ukucha, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Hii ndiyo hela. Mmoja wenu anaweza kupita."

Fomu ya hospitali ilikuwa na nafasi moja, na sasa hela ilikuwa ya mtu mmoja, na hela hiyo ilikuwa ya Bi Mdogo, ameivujia jasho mwenyewe. Angepita tu, na hakuna mtu ambaye angemlaumu. Aligeuka kumtazama mwenzake. Bi Mkubwa alikuwa amesimama karibu na ukuta, fungu mkononi, anazitazama noti zake moja moja kana kwamba zitaota vichwa vikubwa akizikazia macho. Alikuwa hajalia, lakini kilio kilikuwa njiani.

Bi Mdogo alinyoosha mkono, akaichukua noti yake kutoka kwa afisa. "Tunarudi sasa hivi," alisema. Akamshika mwenzake kiwiko, wakatoka nje.

Nje, chini ya mwavuli mkubwa wenye tangazo la sabuni, alikaa mbadilisha fedha ambaye watu wote wa mpakani walimwita Benki Kuu. Alikuwa na kiti cha plastiki, kikokotoo, na mkoba alioufunga tumboni juu ya kitambi, hata ikawa vigumu kujua mkoba unaishia wapi na mtu anaanzia wapi. Bi Mdogo alimpa noti za mwenzake na kumwuliza atazibadilisha kwa kiasi gani.

Benki Kuu alizigeuza mara mbili, akacheka kwa upole, kama mtu aliyekutana na watoto wa jirani mbali na nyumbani.

"Hizi nazijua. Mnaona hiki kimuhuri cha nyota pembeni? Changu. Watalii wanakuja nazo, dirishani zinakataliwa, mimi nazinunua kwa bei ya kutupa. Nilikuwa nazo nyingi. Zote nilimuuzia dereva mmoja."

"Dereva gani?" aliuliza Bi Mkubwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema tangu dirishani.

"Anaitwa Breki. Mtu mcheshi sana, halafu anapenda kuvaa jaketi hata jua likiwaka. Ananunua hamsini kwa bei ya kumi. Nikamwuliza, bwana, unazipeleka wapi wakati hakuna anayezitaka? Akaniambia ana mteja huko kwao, haulizi maswali."

Bi Mkubwa aliketi chini. Hakutafuta kiti, aliketi tu, kwenye ukingo wa saruji kando ya mtaro.

Bi Mdogo akainua mfuko wake wa nailoni. "Na vyuma?"

"Vyuma simuuzii," alisema Benki Kuu. "Hivyo nampa bure. Nyongeza."

Ndipo alipoanza kuwatazama vizuri hao wanawake wawili, na lile jaketi lililokunjwa mkononi mwa mmoja wao, na uso wake ukabadilika polepole. Akaanza kupekua mkoba wake akitafuta kitu ambacho hakikuwemo.

"Kwa hiyo hutazinunua?" Bi Mdogo alimwuliza.

"Ningezinunua, dada. Lakini mnunuzi wangu amevunjika mguu."

Bi Mdogo alikwenda kuketi kando ya Bi Mkubwa kwenye ukingo wa mtaro. Malori yalipita mbele yao yakitoa moshi.

"Mota ya cherehani iliungua," Bi Mkubwa alisema mwishowe. "Nikaenda kukopa. Yule mwanamke alinitangaza mtaa mzima, hadi watoto wake walikuwa wananidai. Na mimi najiambia, niache nidhalilike, lakini ndani nina kopo langu. Nilikuwa nalala nasikia raha kwa sababu ya lile kopo. Mwenzangu, nilikuwa na hela ya kununua cherehani tatu." Akazitazama zile noti. "Nilikuwa na picha za mzee."

"Angalau wewe alikununulia," alisema Bi Mdogo. "Alitoa kumi. Mimi nilipewa nyongeza."

Bi Mkubwa aligeuka kumtazama ili ajue kama anadhihakiwa, akaona kwamba mwenzake naye macho yamejaa maji huku mdomo unajizuia kucheka. Kicheko kilimtoka Bi Mkubwa kupitia puani kabla hajaamua kucheka, na kikishatoka hakikurudi. Walicheka mpaka mlinzi wa geti akatoka kwenye kibanda chake kuja kuangalia. Walicheka wakashikana mikono, si kwa ncha za vidole.

Walipomaliza kujifuta, Bi Mkubwa alilichukua jaketi kutoka kwa mwenzake, akalikunjua na kulipekua kifundi: mishono, bitana, zipu, ngozi ya viwiko. Kisha akainuka, akaenda chini ya mwavuli.

"Inuka uvae," alimwambia Benki Kuu.

"Mama, hili si la Breki?"

"Breki ni mume wangu, mali yake ni mali yangu. Muulize huyu, Breki ni mume wake pia. Vaa."

Benki Kuu alivaa. Zipu haikufika juu kwa sababu ya mkoba, au ya kitambi, lakini mabegani lilikaa vizuri, na alipojitazama kwenye kioo cha gari lililoegeshwa alijishika kola kidogo. Bi Mkubwa alimwona akijishika kola, akajua biashara imekwisha. Alitaka hamsini, yenye kichwa kikubwa, isiyokunjwa. Benki Kuu akasema thelathini. Bi Mkubwa akamwambia basi alivue, halafu yeye Bi Mkubwa atatangaza hapo hapo, kwa sauti, kwamba Benki Kuu anawauzia madereva hela mbovu wakawape wake zao. Mpakani palikuwa na wake wengi wa madereva, na watatu wao walikuwa wanauza chai mita chache kutoka pale.

Alipewa hamsini. Aliinyoosha juani, akapima kichwa cha mzee kwa kidole gumba, akaridhika.

"Mmeipata wapi?" afisa aliwauliza walipomrudia dirishani.

"Tumemvua mtu," alisema Bi Mdogo. Afisa hakuuliza zaidi. Akagonga mihuri miwili.

Hospitali ilikuwa mwendo mfupi kutoka getini, na wodi ya wanaume ilikuwa mwisho wa ukumbi. Breki alikuwa amelala chali, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito. Alipowaona wakiingia pamoja, tena wanaongea, rangi ilimtoka. Kwa miaka tisa alikuwa ameishi kwa amani kwa sababu moja tu, kwamba wanawake hao hawakuwa na mazungumzo.

"Wake zangu," alisema. "Mmefika salama? Jaketi liko wapi?"

"Liko mpakani," alijibu Bi Mkubwa. "Benki Kuu amelivaa. Anakusalimu sana. Ametusimulia habari za mteja wako."

Breki alifumba macho. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakageuza vichwa, maana wodini hakuna televisheni.

"Nilikuwa nawawekea akiba," alisema akiwa bado amefumba. "Sheria za hela zinabadilika. Siku moja vichwa vidogo vingerudi kwenye chati."

"Na vyuma?" alisema Bi Mdogo.

"Vyuma ni mapenzi tu."

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa kicheko. Muuguzi aliingia na fomu na kalamu, akauliza nani anatia sahihi, daktari yuko tayari. Bi Mkubwa alizipokea zote mbili. Akavuta kiti, akaketi, akaiweka fomu mapajani, na kalamu akaishika kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

"Mume wangu," alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko Breki alivyopenda. "Mguu unauma?"

"Sana."

"Pole. Mpigie tajiri wako. Weka sauti kubwa."

"Sasa hivi?"

"Mimi sina haraka. Viza yangu ni ya miezi mitatu."

Breki alimtazama muuguzi kuomba msaada. Muuguzi alikuwa ameegemea mlango, mikono kifuani, na ilionekana kwamba na yeye ana mtu wa aina hiyo nyumbani. Breki akapiga simu. Mwenye lori alipopokea, Breki alimwambia, huku Bi Mkubwa akimpa maneno kwa midomo, kwamba kuanzia mwezi huu mshahara wake ugawanywe mara mbili na utumwe moja kwa moja kwenye simu za wake zake, na yeye abaki na hela ya vocha.

"Nimekuelewa," ilisema sauti ya tajiri. "Na posho ya safari je? Nayo nigawe?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili aliinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Posho gani?" alisema Bi Mdogo.

Tajiri, ambaye hakujua kwamba anaongea na wodi, akaeleza vizuri kabisa: posho ya kila safari, inayolipwa kila lori linapotoka, tangu Breki alipoajiriwa. Bi Mkubwa alimshukuru, akamwambia nayo aigawe vivyo hivyo. Kisha akatia sahihi yake kwenye ile nafasi moja, ndogo, upande wa kushoto, akampa mwenzake kalamu atie yake upande wa kulia. Muuguzi alisema hajawahi kuona fomu kama hiyo, lakini aliipokea.

Breki alisukumwa kwenda chumba cha upasuaji. Alipopita mbele yao aliinua mkono kidogo. Bi Mkubwa alimfunika shuka vizuri mabegani, maana kweli kulikuwa na baridi, na alimpenda, jambo ambalo lilimkera mno siku hiyo.

Walibaki kwenye benchi la ukumbini. Bi Mkubwa alivua kitambaa cha kichwani ili ajipepee, na Bi Mdogo, aliyekuwa ameketi kando yake, akatazama zile nywele kwa muda.

"Nani alikusuka hivi?"

"Najisuka mwenyewe. Kwani vipi?"

"Hapana, si kitu. Inaonekana ulikuwa na hasira." Akavuta mkoba wake, akatoa kitana. "Kaa chini hapa."

Bi Mkubwa alitaka kukataa. Alikuwa na majibu mengi ya kukataa, aliyoyaandaa kwa miaka tisa. Badala yake alitandika khanga sakafuni, akaketi kati ya magoti ya mwenzake, naye Bi Mdogo akaanza kufumua kutoka nyuma. Vidole vyake vilikuwa vyepesi, vinajua vinakokwenda. Walizungumza. Walianza na Breki, wakammaliza mapema kuliko walivyotarajia, wakaingia kwenye bei ya vitambaa vya sare, na mteja wa saluni anayesukwa halafu anasema hela iko kwa mume, na mtoto wa Bi Mkubwa anayetaka kuacha chuo akawe mwanamuziki. Upande mmoja wa kichwa ulikuwa umekwisha, mwingine umesimama kama ufagio, muuguzi alipotoka mbio.

"Mama, mgonjwa amezinduka. Kila kitu kimekwenda vizuri. Anauliza wake zake wako wapi."

Bi Mkubwa hakugeuza kichwa, kwa kuwa kilikuwa kimeshikwa.

"Mwambie nasukwa," alisema.